Aliona Nyuzi Mia Mbili, Akanyamaza

Saa tatu asubuhi, maabarani. Mama Vitundu anamimina spiriti ya kuoshea kwenye chupa ya unga wa manjano, anaiacha itulie, anaimwaga, anamimina nyingine. Hii ni mara ya nne tangu jana. Kwenye meza ya pili yupo wifi yake, mke wa kaka yake. Hawasemeshani.

Kazi yao ni kubuni na kupika unga wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Chembe za madini zinashikana na kemikali kama nguzo na boriti za nyumba, katikati vinabaki vyumba. Ukipitisha humo gesi ya samadi, hewa ukaa inanasa, gesi ya kupikia inapita.

Mama Vitundu ana miaka kumi na moja kazini hapo. Wifi ana miwili, na kazi aliombewa na Mama Vitundu huyo huyo.

"Nilimfundisha hata kushika chupa," anasema. "Halafu unga wake ukanasa mara mbili ya wangu. Nyumbani nako, mama yangu mzazi: 'Mkwe wangu ana akili!' Mimi kichwani nina pumba?"

Wifi naye mdomo anao. Alimwambia mbele ya watu: "Wifi, unga wako usiutupe. Utafaa kupaka watoto wenye harara."

Mwezi uliopita wifi alipika gramu hamsini za majaribio. Unga mbichi hukaushwa taratibu kwa nyuzi mia na ishirini. Moto ukizidi, nguzo zinaanguka, vyumba vinafungwa. Mama Vitundu akapita kwenye tanuri, akaona limewekwa mia mbili. Wifi alikuwa amekausha vyombo, akasahau kurudisha kipimo.

"Kitufe kilikuwa hapa, mkono wangu hapa. Nikaenda kunywa chai."

Unga ulitoka manjano vile vile. Kwenye mashine ya kupimia haukunasa kitu. Wifi, ambaye mkataba wake unaisha mwezi huu, akadhani mchoro wake wa zile nguzo na vyumba ndio mbovu, akaanza kuufuta. Hapo Mama Vitundu akashindwa kuvumilia.

"Wifi, acha. Mchoro hauna kosa. Ni moto. Niliuona."

"Uliuona saa ngapi?"

"Saa nne. Moto ulikuwa bado haujapanda."

"Kwa hiyo ungeweza kuuzima."

"Ningeweza."

Mimi mwandishi nina mabinti wawili wanaofanya kazi chumba kimoja, ndiyo maana naandika. Wivu wa namna hii haupigi kelele wala hauvunji chombo. Unaenda kunywa chai. Wazazi, waulizeni watoto wenu mapema nani anamwonea nani wivu.

Mkuu wa maabara ametoa nafasi moja tu ya kurudia. Unga mpya unaingia tanurini kesho. Wifi ameweka sharti: Mama Vitundu akae mbele ya tanuri saa zote kumi na mbili za kukausha, asome nyuzi kwa sauti.

"Nitasoma mpaka koo likauke," anasema. "Nataka unga wake unase, mkataba usainiwe, abaki meza ile pale. Wivu bado ninao, sikudanganyi. Nitakaa nao hapo hapo kwenye kiti."