Abdia na Seva Iliyonyamaza

Abdia alikuwa karani wa kupiga chapa, na kazi hiyo aliijua barabara. Lakini seva aliyokabidhiwa na shirika la misaada pale Garsen, mwaka wa tisini na saba, nani alimfundisha? Hakuna! Fundi alikuja kutoka Nairobi, akaiunganisha na redio, akanywa chai vikombe vitatu, akaenda zake. Seva ilipokea vipimo vya mto kutoka Hola kila saa, ili maji yakipanda huko juu, wakulima wa Minjila huku chini waambiwe wahame.

Fundi aliacha pia disketi sita za programu ya kuichunga seva, ipige kelele ikiona hitilafu. Abdia aliiweka mwenyewe, siku nne nzima, kamusi mkononi. Alipochomoa waya wa redio kuijaribu, ikalia, naye akacheka peke yake. Kila Jumatatu aliipangusa seva vumbi, akakagua betri na kufuta mafaili yaliyojaa. Bule, mlinzi wa ofisi, aliagizwa amkimbilie nyumbani ikilia siku za mapumziko.

Novemba, Ijumaa jioni mpaka Jumapili, haikulia. Kumbe seva ilikuwa imeganda, na ile programu, iliyokaa ndani ya seva hiyohiyo, imeganda nayo. Nani sasa apige yowe? Maji yakaingia Minjila bila hodi. Watu waliokoka, alhamdulillahi, lakini mzee Kombe, Mgiriama aliyezoea kumletea Abdia mahindi mabichi, alipoteza mpunga wote na mbuzi kumi na mmoja. Hakugomba. Alipita mbele ya ofisi bila salamu, na hilo ndilo lililomkata maini Abdia. Angetukanwa, angalau angepata usingizi.

Mkubwa wa ofisi akataka mtambo urudishwe Nairobi. Abdia akamsihi ampe wiki mbili.

Wiki hiyo kaka yake Galma alikuja mjini kutafuta dawa ya ng'ombe, Abdia akamweleza yote kwa Kiorma, lugha ya kwao.

"Yaani mashine yenu hulia ikiona ubaya tu?" Galma akauliza.

"Ndiyo."

"Na ikifa yenyewe?"

Galma akapiga paja.

"Watu wa ofisi mna vituko, wallahi! Sisi ng'ombe tunamfunga kengele ya mbao. Ikigonga, najua yupo, nakaa raha mustarehe. Ikinyamaza, nasimama. Wewe umefunga kengele ya kugonga ng'ombe akishaliwa na simba!"

Abdia hata kuaga hakuaga. Alitoa stoo kompyuta kuukuu, akaikung'uta mavi ya mijusi, akaiunganisha na seva kwa waya. Kila dakika tano kompyuta ile iliiuliza seva kama ipo. Seva ikijibu, tii! Isipojibu, kimya. Jamani, ofisi nzima ilikoma! Mkubwa aliapa kuitupa mtoni. Bule ndiye aliyelaani kuliko wote, maana yeye alishinda nayo hata Jumapili. "Dada, hii mashine itanitia wazimu," alisema. Abdia akamwambia avumilie, ila ikinyamaza tu, aje mbio.

Januari, Jumamosi adhuhuri, Bule alitokea kwa Abdia anahema, kiatu kimoja mguuni.

"Dada! Imenyamaza!"

Wakakimbia wote wawili. Seva ilikuwa imeganda kwa joto. Abdia akaizima, akaipepea kwa faili, akaiwasha tena. Vipimo vilivyokwama vikaanza kuingia kimoja kimoja: mto ulikuwa umepanda mita moja na nusu tangu asubuhi. Bule akarukia pikipiki ya ofisi kwenda Minjila, na kabla ya jua kuchwa watu walikuwa wakihamia barabara kuu na virago vyao. Maji yalifika kesho yake.

Alhamisi, mzee Kombe akapiga hodi ofisini. Abdia aliinuka.

"Karibu, baba."

Mzee hakukaa. Alisimama kofia mkononi, akaitazama ile kompyuta mpaka ikalia.

"Mahindi yamekwenda yote," alisema. "Lakini Mbodze, mke wangu, alikuwa na homa, hata kusimama hawezi. Tulimbeba Jumamosi. Kitanda chake tumekikuta jana, kimenasa juu ya mti."

Akavaa kofia yake.

"Yeye yuko kwa dada yake, mwanangu. Anakunywa uji."

Abdia akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti, wala hakujali nani anamwona.