Bomba la Chaki

Consorcia Abrenica hakuwahi kununua chaki kwa ajili ya kuandika. Alinunua kwa ajili ya kola. Tangu alipotoka kisiwani Samar akiwa msichana na kuja Manila kufulia watu nguo, alijua kwamba shati la mwanamume wa ofisini huchafuka shingoni kwa mafuta ya mwili, na kwamba mafuta hayo hayasikii sabuni peke yake. Unapaka chaki kavu juu ya doa, unaiacha inyonye mafuta, ndipo unafua. Wenye mashati walimsifia mkono wake. Habari ya chaki hakuwaambia.

Kwa kufua huko alisomesha binti, akamwuguza mama yake hadi kaburini, na mumewe Teodulo alipoangushwa na kiharusi, nguo za watu ndizo zilizomlisha. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vimetoka majini sasa hivi, hata siku ambayo hakugusa maji. Alikuwa mtu wa maneno machache. Majirani wa Kichochoro cha Kalachuchi walidhani ni mpole. Hawakujua kwamba hasira zake zote alizimalizia kwenye nguo, akizipiga juu ya jiwe mpaka zinyooke.

Mwaka wa korona, nguo zikakoma. Amri ilitoka kwamba watu wakae ndani, na wateja wakaogopa mashati yao kushikwa na mtu wa vichochoroni. Hata wangeyaleta, asingekuwa na cha kuyafulia. Mabomba ya kichochoro yalikuwa yamekauka tangu kabla ya Pasaka. Kapiteni wa mtaa, Demetrio Balingit, kila alipoulizwa alijibu kwamba bomba kuu limepasuka, na mafundi nao wamefungiwa majumbani kama binadamu wengine.

Kila asubuhi gari la matangazo lilipita barabara kuu likinguruma kwa sauti yake Kapiteni: naweni mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

"Yanatiririka kwako," alijibu Pasita, mwenye duka dogo la dirishani, jirani wa mlango kwa mlango na Consorcia. Alilijibu gari hilo kila siku kama anavyoitikia mtu misa.

Kwa Consorcia lile halikuwa jambo la mzaha. Teodulo alikuwa amelala chali tangu Krismasi, na mgongo wake ulikuwa umeanza kuchubuka. Muuguzi wa zahanati alimwambia waziwazi: vidonda vioshwe asubuhi na jioni kwa maji safi, la sivyo vitachimba hadi mfupani, na wakati huu hakuna hospitali ya kumpokea. Maji ya kununua yaliyofika kwa mkokoteni yaliishia kwenye kunywa na uji wa mchele. Alimfuta mumewe kwa kitambaa chenye unyevu tu, akihesabu matone. Harufu ilianza kubadilika. Teodulo aliisikia mwenyewe, akawa anageuzia uso ukutani.

Mjukuu wao, Ningning, ambaye mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani huko Kuwait, ndiye aliyeyaona makasha ya chaki chini ya meza.

"Lola, hizi za nini?" alimwuliza bibi yake.

"Za kola."

"Na kola hazipo."

"Hazipo."

"Basi nazo zimefungiwa ndani kama mimi."

Consorcia alimtazama mtoto, akalivuta kasha moja la chaki nyeupe na za rangi, za mashati meupe na ya rangi, akampa.

Watoto hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Mgambo aliyezunguka pale, Crisanto, alikuwa kijana ambaye Consorcia mwenyewe alimshika mikononi siku ya ubatizo wake, na kwa hiyo alimwita Ninang, mama wa ubatizo. Alikuwa na fimbo ya mwanzi na maneno ya kuazima. "Mguu ukitoka, nakamata," aliwaambia watoto. "Mkono sijaagizwa."

Basi watoto wakalala kifudifudi, miguu ndani ya nyumba zao, mikono nje, wakachora mpaka pale kidole kinapofika. Kichochoro ni chembamba kiasi kwamba michoro ya upande huu ilikutana na ya upande ule katikati ya njia. Chaki zilirushwa kutoka mlango hadi mlango. Kwanza walichora jua, paka, na vyumba vya kuruka ambavyo hakuna aliyeweza kuviruka, wakawa wanatupia vijiwe tu. Kisha Ningning akachora bomba. Akalipa mdomo mpana, akamwaga maji ya buluu mpaka mkono wake ukaishia. Mtoto wa mlango wa pili akayapokea maji hayo na kuyasukuma mbele, wa tatu akatia samaki, wa nne akatia mashua ya karatasi, na kabla ya chakula cha mchana mto ulikuwa umekipita kichochoro chote hadi barabarani.

Pasita alitoa simu dirishani, akapiga picha, akaiweka mtandaoni, akaandika chini yake: Asante Kapiteni, maji yamefika. Jioni mtaa mzima ulikuwa ukicheka.

Kesho yake ndipo gari la zimamoto lilipokuja.

Lilisimama mdomoni mwa kichochoro, jekundu, limejaa. Kapiteni Balingit alitangulia, barakoa chini ya kidevu, kipaza sauti mkononi ingawa angesikika bila hicho. "Njia ni mali ya umma," alisema. "Huu ni uchafu. Tena watoto wanakusanyika, na tumekataza mikusanyiko."

"Wamekusanyikia wapi?" Pasita aliuliza. "Kila mmoja miguu iko kwao."

"Wewe wa picha, nitakufungia duka."

Zimamoto wakafungua mpira. Maji yalitoka kwa kishindo, mazito, meupe, yakagonga saruji, yakarukia milango. Paka wa chaki akaenda, jua likaenda, mto ukaenda, na bomba la Ningning likawa doa la buluu, kisha si kitu. Na maji yenyewe, maji ambayo kichochoro kizima kiliyaomba kwa barua na kwa magoti, yakashuka mfereji wa taka kwenda mtoni.

Consorcia alisimama mlangoni na kitambaa kile chenye unyevu mkononi. Alikuwa amemwacha Teodulo kageuzwa ubavu, mgongo wazi. Kwa muda hakuelewa anachokiona. Alipoelewa, alichukua beseni, akatoka akikimbia.

"Ninang, rudi ndani," Crisanto alimwekea fimbo mbele. "Huna barakoa."

"Toa hicho kijiti."

"Ninang, Kapiteni anatazama."

"Mwache atazame. Mimi nilikushika maji ya kanisa yakimwagwa kichwani kwako, leo unanizuilia maji?"

Walipokuwa wakibishana mpira ukafungwa. Alichopata ni beseni moja la maji ya njiani, ya rangi rangi, yenye mchanga na nyuzi za takataka. Si maji ya kuoshea kidonda. Alirudi nalo ndani hata hivyo, kwa kuwa mikono yake haikujua kumwaga.

Teodulo alisogeza midomo upande mmoja. "Mvua?"

"Si mvua. Ni Kapiteni."

Alikaa kwenye kiti. Miaka yote alipokea mashati yenye madoa ya watu wengine na kuyarudisha meupe bila kuuliza madoa yametoka wapi. Chaki anaijua. Chaki hutoka kwa kitambaa kibichi na pumzi moja ya mkono. Mtu hamwagi gari zima la maji kufuta chaki isipokuwa anataka kuonyesha kwamba maji anayo.

Waswahili wana neno: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Consorcia hakulijua neno hilo, lakini maana yake ilimjia mwenyewe, pale pale kitini, mchana kweupe. Aliinuka akagonga dirisha la Pasita.

"Tukichora tena, atafanyaje?"

"Atapasuka."

"Halafu?"

Pasita akacheka polepole mpaka barakoa ikamtoka. "Ataleta gari."

Safari hii chaki ziligawiwa makasha mazima. Consorcia aliwaambia watoto wachore wapendavyo, mradi iwe kubwa. Ningning akauliza kama anaweza kumchora Kapiteni.

"Mchore."

"Nimtie tumbo?"

"Lake analo mwenyewe. Wewe mpimie tu."

Akamchora ameketi juu ya pipa, bomba likitoka mfukoni mwake. Pasita akapiga picha, duka na lifungwe likitaka.

Gari lilipotokea asubuhi iliyofuata, lilikuta kichochoro kimejaa wanawake. Kila mmoja alikuwa amesimama mbele ya mlango wake, barakoa usoni, umbali ule ule uliotangazwa kila siku na lile gari la vipaza sauti, na mbele ya kila mmoja pipa, ndoo, karai, sufuria ya sherehe. Vyombo vilikuwa vimewekwa juu ya michoro yenyewe. Consorcia alisimama juu ya tumbo la Kapiteni.

"Ondokeni njiani," alisema Kapiteni.

"Tunanawa mikono," alijibu Consorcia. "Tunangoja yanayotiririka."

"Mama, usinijaribu. Nitawaandikia wote kwamba mmevunja amri."

"Andika. Anza na mume wangu. Yeye havunji amri, halali kwingine ila kitandani, na mgongo wake unaoza kwa sababu ya bomba lako lililopasuka. Ingia ndani umwandike. Ingia, unuse."

Hakupaza sauti. Ndiyo maana kila mtu alisikia. Kapiteni hakuingia.

Dereva wa zimamoto, mzee mwenye mvi zilizochungulia kando ya kofia, alikuwa ameshika mpira muda wote huo. Alimtazama Kapiteni, akatazama vyombo. Akateremka, akatumbukiza mdomo wa mpira katika pipa la kwanza, akafungua taratibu.

"Nimekwambia ufute michoro," Kapiteni alifoka.

"Agizo linasema maji yamwagwe kichochoroni, bosi," alisema dereva. "Pipa liko kichochoroni."

Siku hiyo Consorcia alimwosha Teodulo kuanzia kisogoni hadi visiginoni. Alibadilisha maji, akaosha tena. Vidonda vilikuwa vyekundu, vibaya, lakini vilikuwa safi. Teodulo alilia bila sauti, na yeye hakumbembeleza. Alikuwa bado na hasira, na hasira hiyo ilikuwa imeingia mikononi. Ilibidi ajikumbushe kwamba anachoosha si nguo.

Kapiteni naye si mjinga. Watoto walichora tena, gari halikuja. Walichora mpaka chaki zikabaki vipande, wakamtia pembe, wakamtia mkia, halikuja. Alipita Crisanto peke yake, akasema kwa kuinamisha macho: "Kapiteni anasema choreni mpaka mchoke."

Maji ya mapipa yakashuka. Consorcia akarudi kwenye kitambaa chenye unyevu, na harufu ile ikarudi nayo.

Asubuhi moja alichukua kibali chake cha kwenda sokoni, ndoo tupu na kipande cha chaki ya buluu. Sokoni hakufika. Alikwenda hadi nyumba ya Kapiteni, nyumba ya ghorofa yenye ukuta mweupe, na juu ya weupe ule akaanza kuchora bomba. Hakuwa mchoraji. Mdomo wa bomba ulipinda, maji yalitoka kama nywele.

Crisanto alimkuta hapo. "Ninang. Unafanya nini?"

"Napaka chaki palipo na doa. Ndiyo kazi yangu."

Kijana alitazama huku na huku. Watu wa foleni ya duka la dawa lililokuwa ng'ambo walikuwa wamegeuka wote. Crisanto akageuka naye, akampa Ninang wake mgongo, akawa anaitazama foleni kama vile ndiyo aliyotumwa kuilinda.

Geti likafunguliwa. Alitoka mke wa Kapiteni, nywele mbichi, zimefungwa taulo, mpira wa bustani mkononi ukibubujika hadi miguuni mwake. Nyuma yake, uani, maua yalikuwa yanadondosha maji, na gari la nyumbani lilikuwa linang'aa kwa kuoshwa. Kutoka ukuta ule hadi Kichochoro cha Kalachuchi ni bomba kuu moja.

Consorcia aliyaona yote hayo kwa mara moja. Kupasuka gani, basi. Foleni nayo iliona.

"Aling Consing," mke wa Kapiteni alimwita Consorcia kwa heshima, "ukuta wangu."

"Utafutika." Consorcia alisogeza ndoo kwa mguu mpaka ikawa chini ya mpira. "Jaza kwanza."

Mwanamke yule alitazama foleni, simu zilizoinuliwa, mgongo wa mgambo. Akaijaza. Ndoo ilipojaa Consorcia alichovya kitambaa, akapitisha ukutani mara moja, na bomba likatoka lote, ukuta ukabaki mweupe kama ulivyokuwa.

"Umeona?" alisema. "Haikuhitaji gari la zimamoto."

Akajitwika ndoo kichwani. Chaki aliiacha juu ya nguzo ya geti, mahali pa kuonekana.

"Hiyo ya kesho," alisema. "Nitakuja na wenzangu."