Wasichana wa Jumapili, Nyumbani kwa Mwalimu Bosibori

Sisi tuliokulia Keumbu miaka ya sitini tuliijua Jumapili kwa harufu ya ndizi zikichemka na sare za shule zilizoanikwa juu ya ua. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka magoti yakawa mekundu kwa udongo, kisha tukaoga mtoni kwa maji ya kutetemesha meno. Leo mjukuu wangu akiambiwa aoge, kwanza anauliza kama maji yamepashwa moto.

Mwaka nilipoanguka mtihani wa darasa la saba, michezo iliisha. Baba hakunigombeza. Alisema tu kwamba nitachuma pareto na mama mpaka apatikane mtu wa kunioa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikawa nachuma yale maua meupe kutwa, kikapu kiunoni, nikiwatazama wenzangu wakipita na vitabu.

Jirani yetu alikuwa Mwalimu Bosibori, aliyeacha kufundisha ili amuuguze mama yake. Alitukusanya wasichana sita tulioanguka, akampa kila mmoja dada mkubwa aliyekuwa akisoma sekondari, wa kumfundisha hesabu wakati wa likizo na kusikiliza shida zake. Alichagua Jumapili alasiri, ili sisi Waadventisti tuwe tumemaliza Sabato yetu na Wakatoliki wawe wametoka misa. Wazee walinung'unika kuona watoto wa makanisa mawili wakila chinsaga kwenye sahani moja. Mwalimu aliwavutia viti, akawapakulia na wao. Mboga zile chungu ziliwanyamazisha.

Dada yangu alikuwa Moraa, Mkatoliki mrefu mwenye sauti nzito. Jumapili ya tatu sikwenda, kwa sababu baba alisema pareto haiwezi kungoja. Kesho yake asubuhi na mapema Moraa alifika shambani kwetu, akafunga kikapu kiunoni na kuanza kuchuma kando yangu. Jumanne akaja tena. Jumatano baba alimfuata shambani.

"Mtoto wa watu, nani amekutuma kunifanyia kazi?"

"Hakuna, baba. Tukimaliza mapema, mwanao Nyaboke atapata muda wa kusoma."

Baba akavitazama vikapu vyetu, akaondoka. Mama aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameona aibu. Shule zilipofunguliwa Januari, baba alinipeleka mwenyewe nikarudie darasa, amevaa koti lake la kanisani.

Safari hii nilipita. Sijawahi kumwona baba akicheza, lakini mama aliapa kwamba siku hiyo alimkuta nyuma ya ghala akirukaruka peke yake. Mwalimu Bosibori hakunisifu sana. Alinipa uji wa wimbi, akaniambia, "Sasa na wewe utapewa mtu."

Nikapewa Kemunto, aliyekaa kimya likizo nzima kabla ya kuninong'oneza kwamba haoni maandishi ubaoni. Kumbe hakuwa mjinga. Ni macho tu. Alipohamishiwa dawati la mbele shuleni, alinipita hata mimi kwa hesabu.

Sebule ya Mwalimu ilijaa, tukahamia kwenye banda la kukaushia pareto. Wenzetu walioolewa Kiogoro wakaanzisha kikundi kule. Moraa, alipopangiwa kufundisha Nyamarambe, alianza na wasichana wanne jikoni mwake. Miaka ya sabini ikielekea kwisha, padri na mchungaji wote wawili walikuwa wakitangaza mikutano yetu.

Kikundi bado kipo. Mwezi uliopita walinialika. Wana ukumbi, viti vya plastiki, fulana za rangi moja, na dada wakubwa wanaowapigia simu wadogo zao kila wiki. Niliridhika sana. Ila mkutano ulianza saa nane na kumalizika saa tisa kamili, kila mtu akapanda bodaboda na kutokomea.

Sisi zamani tulisindikizana. Nilimfikisha Moraa kwao, naye akanirudisha hadi mtoni, nami nikamrudisha tena kidogo, maneno hayaishi, mpaka mama wa mmoja wetu alipoita kutoka ng'ambo kwamba chakula kinapoa.