Bibi Aliyeomba Kushikwa Mkono

Juzi tulikuwa ofisi ya tiketi Kahama, tunatazama filamu kwenye luninga. Alipotokea kwenye filamu kikongwe mwenye macho mekundu, nikapaza sauti, "Mchawi huyo!" Abiria wakaangua kicheko.

Bibi mmoja wa Samuye, jirani yangu kwenye benchi, akauliza, "Mjukuu wangu, zamani sinema ilikuja kijijini na gari, ikatufundisha kulima pamba. Hii inafundisha nini?"

"Inachekesha tu, bibi."

Nikamgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi kavu anayopikia badala ya kuni. Huku kwetu vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho kama yale.

Basi lake likaitwa. Akashusha khanga hadi kwenye nyusi, akaninong'oneza, "Nishike mkono tupite wote. Hawa watu wametoka kuangalia sinema."

Akanichagua mimi, niliyepiga kelele kuliko wote.