Muziki wa saluni ulikuwa unakatika, nikamshuku wifi yangu

Wakuu wa jukwaa, salaam.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani. Naingia, nasoma, natoka. Leo naandika. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Korogwe, na sitaruka hata pale panaponiaibisha.

Kabla sijaenda mbali: mtandao wa nyumbani nitauita intaneti. Neno wifi nitamwachia dada wa mume wangu, tusije tukachanganyana.

Nina saluni ya kike, chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mume wangu anafanya kazi Hale, anarudi Ijumaa na kuondoka Jumapili jioni.

Mwalimu mmoja aliyehama alituachia kiboksi cha muziki, vile vinavyoungwa kwenye intaneti ya nyumbani. Nyimbo zote zimo kwenye laptop ya zamani iliyopo sebuleni pamoja na router. Kiboksi kinazivuta kutoka huko na kuzitoa kwenye spika za saluni. Nilikipenda mno, maana simu yangu inabaki huru kwa wateja.

Shida ilikuwa moja, huku mbele signal ni hafifu, nyimbo zinachelewa kuanza. Mume wangu akasema atavuta waya kutoka kwenye router mpaka kwenye kiboksi. Akavuta.

Wikiendi ile ile ndiyo aliyomleta mdogo wake, Mwanahawa. Ndoa yake ilikuwa imevunjika kule Handeni mjini, kwao ni Misima, akaomba akae kwetu kidogo na anisaidie saluni. Nikasema sina neno.

Jumatatu yake muziki ukaanza kukatika.

Na haukuwa unakatika kwa mpangilio. Unapiga dakika kumi safi, kisha sekunde tatu kimya, unarudi umeruka mstari mzima. Mara ukwame neno moja, ulirudierudie. Wateja wanacheka, mimi sicheki.

Nikazima router nikawasha. Nikabadilisha waya wa spika. Nikachomeka earphone kwenye laptop nikasikiliza nyimbo zile zile, safi kabisa. Kwa hiyo nyimbo nzima, laptop nzima. Tatizo lilikuwa hapo katikati, kati ya sebule na saluni.

Na kati ya sebule na saluni alikuwa anakaa wifi.

Nikaanza kumtazama. Kutwa earphone masikioni. Simu yake ina kava la kufunika, haiachi hata akienda kuanika nguo. Ikitetemeka anatoka mbio uani, anasimama nyuma ya jiko, mgongo kaugeuza huku. Akirudi hasemi kitu. Nikimsogelea, anaifunika.

Nikasema huyu anaangalia video siku nzima, ndiye anayemaliza intaneti yangu.

Wakuu, shaka ikishaingia haikai sehemu moja. Wiki ya pili nilikuwa nimeshaacha kuwaza muziki. Nawaza anaongea na nani kule uani. Anamwambia nini mama mkwe kuhusu mimi. Hata kopo la sukari likihamishwa, nilikuwa na maelezo.

Nikachukua kalenda, nyuma yake nikawa naandika. Saa nne na dakika kumi umekatika, wifi yuko uani. Saa sita kasoro umekatika, wifi chumbani.

Nikiri jambo hapa. Kuna mara ulikatika yeye yuko mbele yangu, mikono yote miwili kwenye kichwa cha mteja. Hizo sikuziandika.

Baadaye nikafungua ukurasa wa router, kule inakoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Nikakuta simu yangu, laptop, kiboksi, na kifaa kimoja kisicho na jina, namba tu. Mume wangu yuko Hale. Nikajisemea, nimemkamata.

Nikabadilisha password bila kumwambia mtu.

Muziki ukatulia. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, haukukatika hata mara moja. Nikampigia mume wangu nikamwambia dada yako ndiye. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia ushahidi ninao.

Ijumaa akaja. Nikampa password mpya, nikamkataza kabisa asimpe mdogo wake. Akaiweka kwenye simu yake. Akaiweka na kwenye kiboksi, maana kioo chake kidogo kilikuwa kinaiomba. Nilimwona anaiweka na wala sikuwaza lolote.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na bi harusi. Walikuja wanawake sita, yeye, dada zake wawili, shangazi yake na mashoga zake wawili. Walikuja na nyimbo zao, nikaziingiza kwenye laptop. Wakaanza kuimba pamoja, saluni imechangamka.

Ukakatika. Ukarudi. Ukakatika tena. Mara ya nne shangazi akasema kwa upole tu kwamba labda tuuzime.

Nikamgeukia wifi, alikuwa kwenye sinki anamwosha mmoja wao nywele, earphone shingoni.

Nikasema, "Mwanahawa, hiyo password kaka yako amekupa au umeiba?"

Wifi akafunga bomba. Akafuta mikono. Akafungua kava la simu, akanipa mkononi.

Kioo kilikuwa kimepasuka, nusu nzima nyeusi tii. Nikagusa, hakuna kinachoitikia.

"Wifi, hii haibonyezeki tangu nitoke Handeni," akasema. "Napokelea kwenye kitufe cha earphone. Mwanangu yuko kwa baba yake. Ananipigia akipewa simu, na sijui atapewa saa ngapi."

Simu yake ikiwa mkononi mwangu, muziki ukakatika.

Alimalizia kumwosha yule dada mpaka mwisho, akamfunga taulo, ndipo akaingia ndani kukusanya nguo zake. Mchana mume wangu alimsindikiza stendi, akapanda basi la kwenda Misima. Aliporudi, alipita saluni kama haioni.

Jumapili nikawasha muziki. Wifi hayupo. Ukakatika.

Ndipo nilipokaa chini kufanya kile nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nikakipindua kiboksi. Chini kina karatasi yenye namba mbili ndefu, moja ya waya, moja ya wireless. Nikafungua ukurasa wa router nikalinganisha herufi kwa herufi.

Kile kifaa kisicho na jina kilikuwa kiboksi chenyewe.

Mume wangu alipovuta waya, wireless hakuizima. Kiboksi kikawa kinaingia kwenye router kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kikijikanyaga chenyewe. Nilipobadilisha password niliitupa nje ile njia ya pili, ndiyo maana siku nne zikawa safi. Ijumaa tukairudisha kwa mikono yetu.

Nikazima wireless. Nikapiga nyimbo za yule bi harusi zote, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna iliyokatika. Sikufurahi hata kidogo.

Jumanne nikafunga saluni nikaenda Misima. Nikampa mama mkwe shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu kama siku zote, na hiyo iliniuma kuliko kama angenifokea. Akanionyesha shambani.

Wifi alikuwa anapalilia mahindi. Nilimweleza yote, waya, namba, kalenda, na zile mara ambazo sikuandika. Alisikiliza huku jembe linaendelea.

Nilipomaliza akasimama. "Ya muziki nimeyaelewa," akasema. "Ila uliniita mwizi mbele ya watu sita. Nenda kawaambie wao hivi unavyoniambia mimi. Ukimaliza, nitarudi."

Nikaomba jembe la pili, tukamaliza ule mstari pamoja.

Wakuu, watano nimeshawafikia. Bi harusi nilimfuata kwa mumewe, mbele ya wakwe zake. Amebaki shangazi, anakaa Mkumbara. Naenda Alhamisi.

Nilichojifunza: kifaa chako ukishakiunga kwa waya, zima wireless yake. Na kubwa zaidi, mimi niliona namba isiyo na jina, nikaipa jina la mtu ambaye tayari nilikuwa sipendi akae kwangu. Hilo sikuwahi kulikiri hata kwa mume wangu mpaka nilipokuwa naandika hapa.

Wataalamu wa mitandao mnirekebishe kama nimeeleza vibaya. Na wewe uliyewahi kuomba radhi nyumba kwa nyumba, niambie ulianzaje. Kwa wale watano nilijikuta naongea tu. Kwa shangazi, yule aliyesema kwa upole kwamba tuuzime, bado sijui nitafungua mdomo na neno gani.