Viatu vya Bibi wa Kimanchu

Nilikuwa nikimtunza bibi mmoja huko Gaithersburg, Marekani, nyumbani kwa binti yake. Binti akiondoka asubuhi kwenda kazini maabarani, tulibaki wawili na Kiingereza chetu cha kuungaunga. Watu walimwita Mchina, naye hakukataa, ila aliongeza: Mmanchu, wa kabila lililowahi kutoa wafalme wa nchi ile.

Siku moja ya baridi aliniomba nimshushie sanduku lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na viatu vya hariri ya buluu vilivyotariziwa maua. Kisigino hakikuwa nyuma. Kilisimama katikati ya wayo, cha mbao, kirefu kama bilauri, kimevikwa kitambaa cheupe.

"Vya bibi yangu, mzaa baba," alisema. "Wanawake wengine wa Kichina walifungwa miguu tangu utotoni ili ibaki midogo. Sisi hatukufungwa. Tulivaa hivi."

Akainua mguu ili avivae. Nikamkatalia. Alikuwa amewahi kuvunjika nyonga, na bado alitembea kwa kushikilia ukuta.

"Basi vaa wewe, mwanangu. Nataka kusikia tu."

Vilinibana vidoleni. Nikapiga hatua kwenye sakafu ya mbao. Ko. Nikapiga nyingine, kisha nikasimama, maana mlio ule niliujua. Kwetu Tanga mama alikuwa na mitalawanda, viatu vya mbao vya kuendea msalani. Kila alfajiri tulimsikia akipita uani kwenda kutawadha, nasi bado tumejifunika shuka. Sikuwa nimemwona kwa miaka. Karatasi zangu zilikuwa hazijakamilika. Ningetoka Marekani, nisingeruhusiwa kurudi.

"Usiinamishe shingo!" bibi alinikemea. "Iache mikono ilegee. Tembea kama mtu asiye na haraka."

Nikatembea kutoka dirishani hadi jikoni, nikarudi. Bibi alifumba macho. Alitamka neno kwa lugha yake, kisha akalirudia taratibu, kama mtoto anayeita mtu wa chumba cha pili. Nikaendelea kutembea.

Binti yake alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni na koti lake, nami nikaanza kujitetea.

"Dada, yeye ndiye aliyeniomba..."

"Sijawahi kuvisikia," alisema. Akaketi sakafuni karibu na mama yake. "Rudia, tafadhali."

Theluji ilipokwisha, bibi alihamia kwa mwanawe California. Mimi nikapata kazi kwa mzee mmoja wa mji wa Laurel, mpenda televisheni, nyumba yake zulia tupu. Jumapili bibi alikuwa akinipigia simu. Nilikuwa nimemsimulia habari za mama na mitalawanda yake, naye hakuwa na maneno mengi.

"Umekwenda kumwona mama?"

"Bado, bibi."

"Nenda."

Halafu simu zikaacha kuja. Nilipiga mara kadhaa, hakuna aliyepokea. Jumapili nikitoka kazini bado naitazama simu kabla sijawasha gari.