Chokaa ya Upande wa Magharibi

Bi Mizani, ndivyo walivyomwita maabarani, hakuwahi kuongopa hata nusu gramu. Miaka kumi na tisa amepima mawe ya mgodi uleule uliommeza kaka yake. Kilima cha mabaki ya mawe yaliyosagwa kilimporomokea kaka huyo akiwa zamu. Wakubwa wakasema kumfukua ni hatari, wakamwaga malori mawili ya chokaa kuua harufu, yakaisha. Yakaisha kwao, si kwa mama mtu.

Ndipo wakaja wataalamu na habari yao: kumbe mabaki hayo, yakipigwa na mvua na jua, hufyonza hewa ya ukaa na kuigeuza ukoko mweupe. Ukoko ukionekana mwingi, kilima kizima kitafukuliwa na kutandazwa ili kifyonze zaidi. Bi Mizani alisikia neno moja tu, kitafukuliwa. Jioni akamwambia mama yake. Bikizee akafungua sanduku, akatoa sanda aliyoikunja tangu mwaka ule, akaifua.

Kazi ikaanza. Anatwanga jiwe, anapima gramu tano, anadondosha asidi. Povu linapanda, gesi inasukuma maji kwenye bomba, naye anasoma kipimo: gesi nyingi, ukoko mwingi. Sampuli thelathini, zote hohehahe. Ya thelathini na moja, ya upande wa magharibi, ikafoka mpaka maji yakamwagika mezani. Bosi akapiga makofi, maana hiyo moja ilitosha kuupandisha wastani hadi kiwango cha kufukua.

Bi Mizani peke yake alijua. Magharibi ndiko alikolala kaka, na kilichofoka ni ile chokaa yao. Chokaa iliyozeeka hutoa gesi ileile. Angenyamaza, nani angemuuliza? Lakini mkono uliozoea kuandika kweli ni punda, hauendi unakotaka wewe. Akamvuta bosi kando.

"Hii ni chokaa mliyommwagia kaka yangu," akasema. "Ifuteni."

Bosi akamshukuru kwa uaminifu, akaifuta. Wastani ukaanguka, wataalamu wakafungasha virago, kilima kikazungushiwa uzio. Uaminifu, ndiyo! Waliomwaga chokaa wanalala usingizi, aliyeitaja ndiye anayelipa.

Nyumbani alimkuta mama yake anapiga pasi sanda.

"Wanaanza lini, mwanangu?"

"Hawaanzi, mama."

"Nani kawazuia?"

"Mimi."

Akamweleza yote, la chokaa na la wastani. Bikizee akasikiliza mpaka mwisho, akazima pasi, akampa ncha moja ya sanda waikunje pamoja.

"Irudishe sandukuni," akasema. "Itanifaa mimi."